Piloti otomatiki katika boti ya koperative: nani anabaki kuangalia ziwa?



Toka mwanzo wa msimu wa kahawa, swali moja linarudi kwetu. Limekuja kwa barua kutoka Kalehe, limekuja kwa mdomo pale gatini Minova, na mara ya tatu limekuja pamoja na karatasi ya bei iliyokunjwa mfukoni mwa mtu: “Tunasikia kuko mashine inashika usukani yenyewe. Unabonyeza buto, boti inafuata njia, kapiteni anakaa tu. Ni kweli? Na kama ni kweli, koperative inunue?”

Kwamba ni kweli, ni kweli. Mashine hiyo inaitwa piloti otomatiki, na kwenye meli kubwa inafanya kazi toka zamani. Kuhusu kununua, jibu ni refu kidogo, ndiyo maana tumelipa kurasa hizi. Tulienda kukaa siku tatu na koperative moja ya kisiwa cha Idjwi iliyokuwa inafunga mtambo huo kwenye boti yake. Tulishika spana pamoja na fundi, tukapanda boti pamoja na kapiteni, na mama mweka hazina akatufungulia hata daftari la hesabu. Walituomba tu tusiandike majina, nasi tumekubali.

Kwanza, ni boti gani?

Boti nyingi za ziwa letu hazihusiki kabisa, na ni vizuri tuseme mapema ili mtu asipoteze pesa. Mtumbwi wa kasia hauhusiki. Boti kubwa ya mbao yenye motere ya nguvu 15, 25 au 40, ile ambayo kapiteni anakaa nyuma na kushika mkono wa motere yenyewe, nayo haihusiki. Haina usukani wa kuzungusha, haina mafuta yanayosukuma, na motere nyingi za aina hiyo zinawashwa kwa kamba na hazichaji batri. Mtambo tunaoongelea unafungwa kwenye boti yenye usukani wa mviringo kama wa gari, unaogeuza motere kwa nguvu ya mafuta. Huo ndio usukani wa idroliki.

Boti ya wenzetu ni ya fibre, urefu wake mita 7, motere moja ya nguvu 60. Inabeba kahawa, mananasi, mihogo, na mara nyingine mgonjwa. Mpaka mwaka jana usukani wake ulikuwa wa kebo, yaani waya wa chuma unaopita ndani ya ala ndefu kutoka kwa vola hadi kwa motere. Kebo ikiingiwa na maji inashika kutu na kuwa ngumu. Tena elisi inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo motere inavuta upande mmoja safari nzima. Papa kapiteni, mzee anayekaribia miaka 60, alikuwa anapigana na mvuto huo toka anapofungua kamba nyumbani hadi anapofika Goma.

“Hili bega,” alituambia akiliinua kidogo, “vola ndiyo ililiharibu. Nikifika Goma mkono unatetemeka, siwezi hata kunywa chai bila kumwaga.”

Koperative ikatoa kebo na kuweka idroliki. Namna inavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Nyuma ya usukani kuna pompi ndogo yenye mafuta. Ukizungusha kulia, mafuta yanapita katika tiyo moja hadi kwenye silinda iliyofungwa mbele ya motere, yanasukuma pistoni, na mafuta ya upande wa pili yanarudi kwa tiyo nyingine. Motere inageuka. Ukiachilia mikono, valvu ndogo zilizo ndani ya pompi zinafunga mafuta palepale, na motere inabaki ilivyo. Haikuvuti tena. Papa kapiteni anasema mwezi wa kwanza alisahau kama ana bega. Tunawaomba mshike jambo hili, maana dawa ya bega ilipatikana kabla ya piloti otomatiki kufika kisiwani.

Piloti otomatiki inaongeza nini juu ya hapo? Vitu vinne. Pompi ya pili, ya umeme, inayoweza kuzunguka pande zote mbili. Dira ya umeme, ile wengine wanaita busoli. Kompyuta ndogo ndani ya kisanduku. Na kifaa chenye buto mbele ya kapiteni. Dira inasema pua ya boti inaelekea wapi, kompyuta inalinganisha na njia uliyoichagua, kisha inaamuru pompi isukume mafuta kidogo upande huu au ule. Inafanya hivyo tena na tena bila kuchoka. Kwa mashine ya namna hii, kazi yake inaishia hapo. Haina jicho.

Mwaka 1922 mhandisi mmoja aliyezaliwa Urusi, Nicolas Minorsky, aliandika hesabu za mashine kama hii alipokuwa akishughulikia meli za jeshi la majini la Marekani. Hakuanzia kwenye chuma. Alianzia kwa mtu anayeshika usukani. Aliona kwamba msukani mzuri haangalii tu meli imepotoka kiasi gani. Anaangalia pia inapotoka kwa haraka gani, na kama imekuwa ikivutwa upande mmoja kwa muda mrefu, halafu anageuza kidogo kabla mambo hayajaharibika. Kompyuta za leo bado zinahesabu kwa namna hiyo. Tulipomweleza Papa kapiteni alicheka sana: “Kumbe walitufundisha mashine kwa kutuchungulia sisi!”

Hesabu ya esanse

Muuzaji aliyewaletea karatasi ya bei aliwaambia kwamba mashine itaokoa robo ya esanse, kwa sababu boti itaenda moja kwa moja badala ya kwenda kama nyoka. Mama mweka hazina hakuamini. “Hii pesa ni ya kahawa ya batu,” alisema mbele ya komite. “Kama tunaitia mu boti, miye nataka nijue itarudi namna gani.”

Tukakaa naye chini ya mwembe, tukahesabu. Tuchukue safari ya kilomita 100, karibu sawa na kutoka Bukavu hadi Goma kwa maji. Kapiteni anayepotoka digrii 10 kushoto, kisha digrii 10 kulia, hivyo hivyo njia nzima, ataongeza kilomita moja na nusu tu. Akipotoka digrii 20, ataongeza kilomita 6 na kidogo. Ili mashine iokoe robo ya esanse, lazima leo kapiteni awe anatembea kilomita 133 kwa njia ya kilomita 100, na hiyo inataka apotoke zaidi ya digrii 40 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu wa namna hiyo hahitaji mashine. Anahitaji kushushwa kwenye boti.

Kwa hiyo faida ya esanse ipo, lakini ni ndogo. Buji safi, elisi isiyovunjika meno, na mzigo uliopangwa vizuri ili pua isiinuke kupita kiasi, hivyo vyote vinaokoa zaidi na havigharimu karibu kitu. Mtambo mzima, pamoja na pompi na dira, unapita dola elfu moja kwa urahisi, kabla ya kulipa usafiri na ushuru. Mama aliandika hesabu hiyo kwenye ubao wa ofisi yao. Tulipoondoka ilikuwa bado haijafutwa.

Faida ya kweli ni nyingine. Kwenye safari ya masaa manne au matano, mtu anayeshika vola anaganda macho kwenye sehemu moja: mlima ule, au mshale wa dira. Mashine ikishika njia, kapiteni anasimama, anageuka nyuma, anatazama wingu linalotoka milimani, anakaza turubai juu ya magunia, anatoa maji yaliyoingia, anaangalia kama motere inatema maji ya kupoza. Anakuwa na nafasi ya kuangalia zaidi. Kwa sharti kwamba anaangalia kweli.

Siku ya kufunga

Fundi wao ni kijana aliyejifunza kwenye pikipiki na mashine za kukoboa kahawa. Hajawahi kwenda shule ya meli. Tunasema hivi ili mjue kwamba nusu ya kazi hii, ile ya mafuta na tiyo, iko ndani ya uwezo wa mekanisie wa kijiji mwenye subira na mikono misafi. Usafi ni neno la kwanza. Chembe moja ya mchanga ndani ya mafuta inaweza kukaa kwenye valvu na kuizuia isifunge. Alitandika kitambaa kipya, akaziba kila mdomo wa tiyo kwa plastiki mara tu alipoufungua, na watoto wote waliokuja kuangalia waliambiwa wakae upande wa pili wa gati.

Kabla ya kununua pompi alikuwa amepima silinda, na hapa wengi wanakosea. Pompi ndogo mno itageuza motere polepole, boti itakuwa imeshapotoka. Pompi kubwa mno itaigeuza kwa kishindo, kushoto kulia, kushoto kulia, na batri itaisha. Pompi inachaguliwa kwa kujua silinda inameza mafuta kiasi gani. Kama huna karatasi ya mtengenezaji, pima mwenyewe. Tuseme kipenyo cha ndani cha silinda ni sentimita 3.5, fimbo inayopita katikati ina sentimita 1.6, na mwendo wake kutoka mwisho huu hadi ule ni sentimita 19. Eneo la ndani ni 9.6, toa eneo la fimbo ambalo ni 2, inabaki 7.6, zidisha kwa 19: unapata kama sentimita za ujazo 145. Na kuna njia ya kuhakikisha bila kufungua kitu. Zungusha usukani kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa na uhesabu mizunguko. Kibandiko cha pompi ya usukani kinasema kila mzunguko mmoja unasukuma mafuta kiasi gani. Kama ni 28, na wewe ulizungusha mara tano na kidogo, hesabu mbili zinakubaliana. Zisipokubaliana, usinunue chochote kwanza.

Pompi ya umeme aliifunga nyuma, karibu na silinda, mahali pakavu, juu ya maji yanayokusanyika sakafuni lakini chini kuliko pompi ya usukani. Sababu ni hewa: hewa inapanda, na ikipanda iweze kutokea kwenye kifuniko cha mafuta kule juu. Kisha akakata tiyo zote mbili na kuweka viungo vya T, ili pompi mpya iingie kwenye njia ileile ya mafuta bila kuzuia usukani wa mkono. Tiyo ya tatu, nyembamba, inatoka kwenye pompi mpya na kupanda bila kushuka hadi kwenye pompi ya usukani. Hiyo ni ya kusawazisha mafuta. Kwenye nyuzi za viungo usitumie ule utepe mweupe wa mabomba ya maji. Vipande vyake vinachanika na kuingia ndani. Kuna gundi maalum ya maji inayopakwa kidogo tu, tena si kwenye nyuzi za kwanza.

Tiyo zinazofika kwenye motere ziachiwe urefu wa kutosha. Fundi aligeuza motere kushoto kabisa, kulia kabisa, kisha akaiinua kama wakati wa kufika ufukweni, akiangalia kama kuna tiyo inayovutika au kusuguliwa. Moja ilisuguliwa. Akaifungua na kuipitisha mahali pengine, na nusu siku ikapotea hapo. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mwenye mananasi.

Kisha kazi ya kutoa hewa. Hii inataka watu wawili na inachosha. Chupa ya mafuta inageuzwa kichwa chini na kuunganishwa kwenye mdomo wa pompi ya usukani. Mmoja anazungusha vola polepole, mwingine yuko kwenye silinda, anafungua kidogo vise ya kutolea hewa na kuangalia mafuta yanavyopita kwenye kamrija kanakoangaza. Mapovu, mapovu, mapovu, halafu mafuta matupu. Unafunga, unafanya upande wa pili. Chupa isiishe, maana ikiisha unaanza upya. Baadaye unaendesha pompi ya umeme pande zote mbili na kurudia. Usukani wenye hewa unaujua kwa mkono: ni laini kama sifongo, unazungusha na motere haijibu mara moja.

Mafuta yawe ya usukani wa idroliki, mepesi kama mtengenezaji anavyoandika. Mafuta ya freni ya gari yanakula raba za ndani, na raba zikilika mafuta yanavuja, usukani unakufa katikati ya maji. Tunajua kwamba kwenye duka la barabarani chupa ya freni ndiyo iko karibu. Hata hivyo, hapana.

Upande wa umeme hatutaeleza sana, kila mtambo una karatasi yake. Mambo matatu tu. Waya wa pompi utoke moja kwa moja kwenye batri, uwe mnene, na uwe na fyuzi yake. Motere iwashwe kwanza, piloti baadaye, kwa sababu wakati wa kuwasha motere nguvu ya batri inashuka na kompyuta inapotea. Na dira ikae mbali na chuma, spika ya redio, waya zenye moto mkubwa na simu. Mita moja ni vizuri. Siku ya majaribio dira ilikuwa inayumba digrii 15 bila sababu. Fundi alitafuta kila mahali. Mwishoni alikuta mtu amechomeka panga chini ya benchi, sentimita chache kutoka kwenye dira.

Majaribio

Kabla ya kufungua kamba, boti ikiwa bado gatini, bonyeza buto ya kwenda kulia na uangalie motere inasukuma boti upande gani. Kama inaelekea kushoto, waya mbili za pompi zimebadilishana, zigeuze. Kisha pima muda kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Yetu ilichukua sekunde 12, na mahali kati ya 10 na 15 panafaa. Wakati huo usukani wenyewe usizunguke. Ukizunguka, valvu za kufunga hazifanyi kazi au hazipo, na mafuta yanasukuma vola badala ya motere.

Halafu asubuhi mapema, ziwa likiwa limelala, mnaenda mbali na ufuko na kuzunguka polepole, duara baada ya duara, ili dira ijifunze chuma kilicho ndani ya boti. Baadaye mnachagua mlima mmoja, mnabonyeza, na mikono inatoka.

Papa kapiteni alitoa mikono yake lakini hakuishusha. Aliishikilia hewani, pande mbili za vola, kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Baada ya dakika kumi aliishusha. Alijaribu buto zote: digrii moja kulia, kumi kushoto. Ile aliyoirudia zaidi ni ile ya kukata, ya kurudisha usukani kwa mtu. Tulimwomba aibonyeze akiwa amefumba macho, hadi kidole kikaijua. Kila mtu atakayegusa usukani wa boti hii atafanya hivyo kabla ya kupewa ufunguo.

Upepo ulipoanza kupiga ubavuni tuliona jambo lingine. Pua ya boti ilibaki imeelekea mlima uleule, namba ya dira haikubadilika, lakini boti yenyewe ilikuwa inateleza kando. Upepo ukikusukuma kilomita moja kwa saa, baada ya masaa mawili uko kilomita mbili mbali na njia yako, na mashine inaamini kila kitu ni sawa. Ukiunganisha GPS, mtambo unaweza kurekebisha mteremko huo. Bila GPS, rekebisha wewe. Na mawimbi yakitoka nyuma, boti nyepesi ya mita 7 inapinda haraka kuliko mashine inavyojibu. Hapo vola inarudi mkononi bila majadiliano.

Ziwa lina watu

Sasa tufike kwenye jambo ambalo komite ilibishania hadi usiku.

Usiku usio na mbalamwezi, ekipe za sambaza zinaenea ziwani. Ninyi mnazijua kuliko sisi: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zinazoita samaki. Sambaza hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo familia nyingi za pande zote za ziwa zinaishi juu yao. Taa ikizimwa kidogo ili wavu uinuliwe, ekipe haionekani. Miti yake imetokeza mbele na nyuma. Wanaume kumi wako mle, wanaimba, hawakusikii. Piloti otomatiki haitawaona. Itashika njia yake vizuri sana, digrii kwa digrii, na kupita juu yao.

Mchana nako kuna mitumbwi ya akina mama wanaotoka sokoni, kuna wavu wenye vibuyu na chupa za plastiki juu, kuna watoto wanaovuka kwenda shule.

Halafu kuna jambo la mtu kuanguka. Boti yenye kushikwa kwa mkono, kapiteni akianguka majini, mara nyingi inapinda na kuzunguka. Boti yenye piloti otomatiki inaenda zake moja kwa moja, na wewe unabaki unaitazama mgongo. Ziwa hili lina kina kinachokaribia mita 480, na hata karibu na ufuko mara nyingi nanga haifiki chini. Kwa hiyo ule uzi mwekundu wa kuzima motere, ambao wengi wanauacha unaning'inia au wanaufunga daima kwenye swichi ili usiwasumbue, lazima uwe umefungwa kwenye mguu au mkono wa kapiteni kila wakati mashine inapofanya kazi. Hili halikubishaniwa.

Kilichobishaniwa ni pesa. Kijana mmoja wa komite alisema wazi: “Tarehe 3 Oktoba 2024 MV Merdi ilitoka Minova ikazama pale Kituku, watu wakiona Goma kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Piloti otomatiki ingesaidia nini pale? Sisi hatuna jaketi za watu wote, na tunanunua mashine ya kumpumzisha kapiteni?” Wengine walinyamaza. Mzee mmoja akasema kapiteni akichoka nani atawavusha. Mwingine akasema kapiteni akipumzika sana atalala.

Papa kapiteni mwenyewe alizungumza mwisho. “Miye bega langu limepona na idroliki. Hii ya pili naipenda, sitadanganya. Lakini kama ni kuchagua, mununue jaketi. Miye nitashika vola.”

Tunadhani yule kijana alikuwa na haki, na tulimwambia. Kwa bei ya mtambo mmoja koperative inaweza kununua jaketi nzuri kwa kila abiria, taa za kulia na kushoto, filimbi, makasia mawili ya akiba, na bado pesa zikabaki. Koperative ambayo haina hivyo isinunue piloti otomatiki. Hata usukani wa idroliki usubiri, isipokuwa kebo iliyopo imekuwa hatari. Wenzetu wa Idjwi walikuwa wameshalipa nusu ya bei kabla ya mjadala huo, kwa hiyo walipata njia ya katikati: mashine ikafungwa, lakini haitawashwa kamwe hadi jaketi zitimie. Kompyuta yake ilitolewa na kufungiwa ofisini kwa mama mweka hazina. Jaketi zilitimia baada ya mauzo ya pili ya kahawa. Siku hiyo ndipo tulipoitwa kuja kuona majaribio tuliyoyaeleza hapo juu.

Kanuni zao zimeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa ndani wa boti, mbele ya macho ya kapiteni. Mashine haifanyi kazi usiku. Haifanyi kazi karibu na ufuko, gatini, wala mahali palipo na wavu. Inapofanya kazi watu wawili wanaangalia mbele, na mmoja wao ndiye aliye karibu na buto ya kukata. Kapiteni halali, halewi, haendi nyuma bila kumwambia mwenzake. Abiria yeyote, hata mtoto, ana haki ya kupiga kelele akiona mtumbwi, na hakuna atakayemgombeza kama ulikuwa ni gogo tu.

Kuhusu kuitunza: kila Jumatatu fundi anapitisha kitambaa cheupe kwenye viungo vyote ili kuona kama kuna mafuta yanayovuja, anaangalia kiasi cha mafuta kwenye pompi ya usukani, anapaka grisi kwenye fimbo ya silinda baada ya kuifuta mchanga. Chupa moja ya mafuta ya akiba inakaa ndani ya boti. Ameifunga kitambaa chekundu shingoni na kuandika USUKANI TU, kwa sababu wiki ya kwanza mtu alitaka kuitia kwenye freni za pikipiki yake.